Solo Moja, Yote, kwa Sikio

Hotuba kwa wapigaji tarumbeta vijana, Tononoka, Mombasa

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyinyi ambao hamumo katika hizo mbili, hamjambo.

Naona bendi za shule zimekuja, naona vijana wa Jeshi la Wokovu, naona wapigaji wa hotelini kutoka Nyali na Bamburi ambao usiku wana kazi na bado wamepata nafasi, na kule nyuma naona wazee wa taarabu waliokuja kuhakikisha sisemi upuuzi. Karibuni nyote. Kila kijana ameweka tarumbeta mapajani. Yarudisheni mifukoni kwanza. Kazi ya leo ni ya masikio na koo.

Hakupiti muda kabla sijajiwa na kijana mwenye ombi lilelile: mwalimu, nipe skeli za jazi, nataka kujua kubuni papo hapo. Skeli, zile ngazi za noti, nampa, hazimdhuru mtu. Baada ya muda anarudi, skeli zote zimo vidoleni. Namwekea wimbo, namwambia piga solo, yaani zamu yake ya kubuni peke yake, naye anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, utadhani kaajiriwa kuendesha lifti. Pumzi anayo, vidole anavyo, la kusema hana. Na atalipata wapi, ikiwa hajawahi kukaa na mtu anayesema akamsikiliza mpaka mwisho?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chagua solo moja iliyorekodiwa, fupi, ya mtu anayejua anachokifanya. Ijifunze yote kwa sikio. Iimbe kabla ya kuipiga. Usiiache mpaka ujue noti zake na ujue pia alinyamaza wapi, kwa muda gani. Solo moja tu. Anayejua vipande ishirini vya solo ishirini hajui hata moja.

Ninayowapa ni ya mpiga tarumbeta Miles Davis katika "So What". Ilirekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30, jengo ambalo hapo awali lilikuwa kanisa, na santuri yenyewe, Kind of Blue, ikatoka Agosti mwaka huohuo. Paul Chambers yuko kwenye besi, Jimmy Cobb kwenye ngoma, Bill Evans kwenye piano, na saksafoni ni mbili: John Coltrane kwa tenor, Cannonball Adderley kwa alto. Evans ndiye aliyeandika maneno ya nyuma ya jalada, na humo anaeleza kwamba Miles alikuja na michoro tu ya muziki, aliyoibuni saa chache kabla ya kurekodi. Wenzake hawakuwa na muda wa kujiandalia maneno matamu. Mnachokisikia ni watu wanaofikiri mbele ya maikrofoni.

Nimeona mzee mmoja amekunja uso. Najua anachotaka kuuliza: Louis Armstrong, yule gwiji wa tarumbeta wa zamani, je? Heshima yake iko palepale. "West End Blues", Chicago, tarehe 28 Juni 1928: ule mwanzo anaoupiga peke yake, bila ngoma wala piano, mpaka leo unawatoa watu jasho. (Mwaka huohuo wa 1928, kwa wanaopenda kuweka mambo pamoja, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili.) Lakini Armstrong anakwenda juu, na midomo ya wengi wenu haijakomaa kwa huko juu. Ukimfuata kabla ya wakati utakaza shingo, utakandamiza tarumbeta kwenye meno, na utakachojifunza ni maumivu. Miles katika solo hii amekaa katikati ya sauti, mahali ambapo hata mpigaji wa mwaka wa pili anafika bila kuumia. Ugumu wake uko kwingine, na huko ndiko nataka twende.

Kwanza umbo. Wimbo una vipimo 32, kila kimoja mapigo manne. Kumi na sita vya mwanzo viko katika skeli moja iitwayo Doria ya D, yaani noti nyeupe za piano kuanzia D hadi D. Vinane vinavyofuata vinapanda nusu toni, Doria ya E flati. Vinane vya mwisho vinarudi D. Basi, hakuna zaidi. Miles anazunguka mara mbili, vipimo 64, na anamaliza kabla ya dakika mbili. Mnafahamu kwamba tarumbeta letu la B flati linaandikwa toni moja juu ya piano, kwa hiyo kwetu D ya piano ni E, na E flati ya piano ni F. Andika hivyo katika daftari lako, tena kwa herufi kubwa, maana nimeshuhudia bendi nzima ikigombana na mpiga kinanda kwa sababu hiyo tu.

Kuna mtego mwingine, na huu umewapotosha wengi wanaojifunza wenyewe kwa simu. Siku ile mashine moja ya kurekodi ilikuwa ikienda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake, upande wa kwanza wa santuri ulipochezwa kwa kasi ya kawaida, sauti ilipanda, haifiki nusu toni lakini sikio linaikamata. Kosa lilikaa hivyo kwa miongo, mpaka matoleo ya miaka ya 1990 yalipolirekebisha. Sasa kwenye intaneti yako yote mawili, la zamani na lililorekebishwa. Ukiwasha wimbo ukaona tarumbeta lako liko chini hata ukisukuma bomba la kutunia mpaka mwisho, usijilaumu na usiliuze tarumbeta. Tafuta toleo jingine.

Haya, kuimba. Besi na bendi zinajibizana mwanzoni: Chambers anauliza, wenzake wanamjibu kwa noti mbili tu, kiitikio kamili ambacho hata mtoto wa ngoma ya vugo angekidaka. Mwisho wa kujibizana huko, Jimmy Cobb anapiga toazi pigo moja, linavuma, na ndani ya mvumo huo Miles anaingia. Anzia hapo. Cheza mpaka avute pumzi ya kwanza, simamisha. Imba ulichosikia, kwa "la" au kwa "da", vyovyote. Hukukipata? Rudia. Usiende kwenye kipande cha pili mpaka cha kwanza unaweza kukiimba ukiosha vyombo, ukiwa kwenye matatu ya Likoni, ukipanga foleni ya feri. Ukishaweza kuimba solo nzima pamoja na Miles, zima simu uiimbe peke yako. Hapo ndipo mtu anagundua ni vipande gani alikuwa anabebwa.

Msidhani hili la kuimba nimelibuni ili kuwatesa. Mwimbaji Eddie Jefferson aliichukua solo hii, noti kwa noti, akaitilia maneno akaiimba. Mtunzi George Russell aliiandikia bendi kubwa nzima, jopo la matarumbeta na matromboni likapiga kwa pamoja kile ambacho Miles alikibuni papo hapo. Solo ikiweza kubeba maneno, na ikiweza kubeba bendi nzima bila kuvunjika, jua ilikuwa wimbo tangu mwanzo. Hicho ndicho kipimo changu cha solo nzuri, na sibadilishi.

Nitawaambia kitu nilichokiona hapahapa kwa kijana mmoja, simtaji. Noti zote alikuwa nazo, sawasawa, hata ule mwanya mdogo wa pumzi kwenye sauti ya Miles aliuiga. Lakini kila baada ya kipande, anaingia mapema. Robo ya pigo hapa, pigo zima pale, na akifika vipimo vinane vya kati yeye yuko mbele na rekodi iko nyuma. Tulipomchunguza tukaona tatizo: Miles akinyamaza, na yeye alikuwa anazima. Anasubiri zamu yake tu. Nikamwambia wakati wa kimya aimbe besi. Chambers anatembea pigo kwa pigo, nne katika kila kipimo, hakosekani. Kijana akaanza: tarumbeta, kisha besi, kisha tarumbeta. Shida ile ikaisha. Kile kimya alichokuwa anakiruka kilikuwa kimejaa watu, Evans anaweka kodi zake, yale mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, Cobb yuko kwenye toazi, na Miles anawasikiliza kabla ya kusema tena.

Hapo ndipo ulipo ugumu niliousema. Noti za solo hii si nyingi na si za kasi. Lakini jaribu kunyamaza namna ile mbele ya watu. Jaribu kwenye hoteli, wageni wamekaa, meneja amesimama mlangoni na mikono nyuma. Kipimo kizima kinapita hujapiga kitu. Mkono unawasha! Wengi tunajaza pengo kwa woga, na msikilizaji anausikia woga huo hata kama hajui jina lake.

Zoezi ninalowapa watu ni la ajabu kidogo. Cheza rekodi, usipige wala usiimbe anapopiga yeye. Piga makofi mepesi anaponyamaza tu, toka pale kimya kinapoanza mpaka kinapoisha. Utaona vimya havilingani. Vingine ni vya kuvuta pumzi, vingine ni virefu mpaka unajiuliza kama ameondoka. Na utaona jambo jingine ambalo karatasi haiwezi kukuonyesha: akirudi, mara nyingi haketi juu ya pigo kabisa. Anachelewa kidogo, kwa makusudi, halafu anatulia humo.

Nimetaja karatasi. Zipo. Solo hii imeandikwa na watu wengi, ukitafuta unaipata bure, noti zote zimepangwa vizuri. Sikatazi kuiangalia, ila iwe baadaye, kama mtu anayehakiki hesabu zake. Anayeanza na karatasi anajifunza kusoma, na kusoma ni jambo jema, lakini siku akipanda jukwaani bila karatasi masikio yake hayajawahi kufanya kazi hata siku moja. Tena karatasi hizo zenyewe hazikubaliani. Linganisha mbili uone.

Wazee wa taarabu, sasa nakuja kwenu. Vijana hawa wanadhani nawafundisha kitu cha Marekani kisicho na ndugu hapa. Mpiga udi akianza taksimu, ule utangulizi anaoubuni peke yake, anafanya nini? Anachagua maqamu moja, yaani skeli ya Kiarabu, Rasti au Bayati au Hijazi, anaingia humo anakaa. Anaigusa noti, anaizunguka, anapanda hatua moja, anarudi nyumbani. Ananyamaza. Mtu mmoja kwenye mkeka anasema "Allah!" na bado hajasema lolote kwa haraka. Sikilizeni rekodi za marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi yake hapa Mombasa, msikilize udi kabla ya sauti. Miaka ya 1940 na ya mwanzo wa 1950 jazi ilikuwa imejaa kodi zinazobadilika kila mapigo mawili, mpigaji anakimbizana nazo. Miles katika santuri hii alitaka kinyume chake: skeli moja, muda mrefu, tuone una nini cha kusema. Mtu aliyekulia Mji wa Kale, Majengo au Kibokoni, akilala na kuamka na taarabu, hana haja ya kuelezwa raha ya kukaa ndani ya skeli moja.

Tofauti zipo, na tusizifiche. Maqamu ina sauti za robo toni ambazo vali za tarumbeta hazikupi ila kwa kupindisha midomo. Na taksimu haina hesabu ya pigo, mpigaji ni mfalme wa muda wake. Miles hana uhuru huo. Chambers anatembea chini yake na vipimo 32 vinahesabika bila huruma, ikifika cha kumi na saba skeli imehama na yeye lazima ahame nayo. Kwa hiyo atakayekuja na uzoefu wa taksimu atakuwa mzuri wa kukaa na kuonja, lakini atapotea kwenye umbo. Na wa bendi ya shaba atalijua umbo, maana gwaride limemfunza kuhesabu, lakini hatajua kukaa. Shaba si ngeni kwetu, wazee wetu walicheza beni, ngoma ya bendi na gwaride, hapa Mombasa tangu mwanzo wa karne ya 20, vikundi vya Kingi na Scotchi vikishindana kwa mavazi na kwa kelele. Ila kelele ile ilikuwa ya wengi kwa pamoja.

Sasa, umeimba, umepiga, hukosei. Wengi wanasimama hapo, wanaipiga harusini kama kasuku na watu wanapiga makofi. Kazi ya kubuni ndiyo kwanza inaanza.

Chukua kipande kimoja, kile unachokipenda kuliko vyote. Kiko katika E yetu ya tarumbeta. Kihamishe nusu toni juu, kiwe F, kama vile wimbo unavyofanya katikati. Kwa kichwa ni rahisi. Kwa vidole utaona shida. Katika Doria ya E una F shapu kwa vali ya pili, A kwa ya kwanza na ya pili, B kwa ya pili. Ukihamia F, A flati inataka ya pili na ya tatu, B flati ya kwanza peke yake, na kidole cha tatu, ambacho kilikuwa kimelala, kinaamshwa. Wapigaji wengi wanajikwaa hapo na bendi nzima inajua. Dawa yangu ni hii: kati ya skeli hizo mbili kuna noti mbili tu zilizo za pamoja, G na D. G iko wazi bila vali, D ni vali ya kwanza. Ukikaribia mpaka, elekea kwenye mojawapo. Skeli ikibadilika wewe umesimama juu ya noti ambayo ni halali pande zote mbili, na una muda wa kupanga vidole. Jaribuni leo usiku.

Halafu kiharibu kipande chako. Weka mdundo wake uleule, badilisha noti. Kisha weka noti zilezile, badilisha mdundo. Kisha kipige nusu tu, nyamaza, umalizie kwa maneno yako mwenyewe. Kisha kichukue kuwa swali ulitungie jibu. Ukifanya hivyo na kipande kimoja kwa juma zima utachoka nacho, na katika kuchoka huko vidole vitaanza kutoa vitu ambavyo Miles hakupiga. Hivyo ndivyo vyako. Vingine vitakuwa vibaya. Virekodi hata hivyo.

Kuna wanaosema kuiga ni kuua uhuru wa jazi. Nawaelewa, lakini wanasahau historia. Charlie Parker, mpiga saksafoni ambaye hakuna anayemwita mwigaji, kiangazi cha 1937 alikuwa kijana mdogo anafanya kazi na bendi milimani Ozark, Missouri, na inasimuliwa kwamba alikwenda na santuri zenye solo za Lester Young, naye mpiga saksafoni, akazijifunza. Aliporudi Kansas City watu walimsikia tofauti. Miles naye alikwenda New York mwaka 1944 kwa jina la kusoma chuo cha muziki cha Juilliard, na kazi yake ya kwanza ikawa kumtafuta huyo Parker usiku hadi usiku. Na msikilizeni Miles mwenyewe katika "So What" ya jukwaani, New York, Februari 1964: kasi imepanda mno, solo ya 1959 haimo kabisa. Anaweza kuiacha kwa sababu ni yake. Nyinyi mtaiacha mtakapokuwa mmeipata.

Mambo madogo ya nyumbani nayapitia haraka. Hewa yetu ina chumvi, vali zinakwama, kwa hiyo mafuta ya vali si anasa, na usiku futa tarumbeta kabla ya kulilaza. Majirani: ukikaa chumba kimoja huko Kisauni huwezi kupiga saa nne usiku, na ndiyo sababu nyingine ya kuimba, maana kuimba hakumwamshi mtoto wa mtu. Ramadhani inapoingia na wengi wetu tunaweka ala pembeni, usione mwezi umepotea kwa solo hii. Midomo inapumzika, na umbo la vipimo 32 unaweza kulihesabu kimoyomoyo ukitembea. Waliopiga kanisani tu, wasiowahi kusikia jazi hata mara moja, wasione haya. Mara nyingi ndio wanaoimba vizuri kuliko wote.

Ukimalizana na hii, kuna "Impressions" ya Coltrane, umbo lilelile la vipimo 32, skeli zilezile mbili, ila mbio. Utajikuta unajua njia, shida itabaki kasi. Armstrong atafuata baada ya hapo, mzee, usinitazame hivyo.

Sasa nitaweka rekodi, ile iliyorekebishwa. Mara ya kwanza sikilizeni tu. Mara ya pili pigeni makofi kwenye vimya, na atakayepiga palipo na noti atakuja mbele kuimba kipande cha kwanza peke yake. Maswali baada ya hapo, na tutaanza na waliokaa nyuma.